Katika Fedheha ya Kuchaji, na Mengineyo Yanayoambatana Nayo

Fedheha ya mtu aliyeombwa ushauri juu ya kusanifu upya programu ya simu ya kuchajia magari ya umeme, kisha simu yake mwenyewe ikazima kwa kukosa chaji mbele ya watu aliowakusanya ili awaeleze programu hiyo, haiwezi kuwekwa katika kundi la fedheha ndogo. Na kwa kuwa ilitokea Kasongo, nchini Kongo, majuzi tu, mjini ambako habari hutangulia miguu ya mwenye habari, ingali mbichi kiasi kwamba watoto wa shule humwamkia mshauri huyo kwa kumuuliza zimebaki asilimia ngapi.

Ili uzito wa jambo lenyewe upimwe kwa haki, ni lazima kwanza ifahamike programu ya aina hii hufanya kazi gani. Katika nchi zenye magari mengi ya umeme, dereva huitumia simu kutafuta kituo kwenye ramani, kujua kama soketi iko wazi au imekaliwa na mwingine, kuiamuru soketi ianze kutoa umeme, na mwishowe kulipa. Kila kampuni ya vituo hupenda kuwa na programu yake, akaunti yake na nywila yake, hata dereva mmoja hujikuta amebeba simuni programu nyingi kuliko idadi ya magurudumu ya gari lake, na kila baada ya muda kampuni huitisha wasanifu ili waifanye programu iwe nyepesi zaidi, kazi ambayo kwa kawaida huanza kwa kubadili rangi.

Jambo la kustaajabisha, na ambalo wasanifu hulitaja mara chache, ni kwamba gari na kituo havihitaji programu yoyote ili kuelewana. Ndani ya waya mnene unaoviunganisha, katika uchajishaji wa kawaida wa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara kwa mara kama ule wa majumbani, mna waya mwembamba usiobeba umeme wa kuendeshea gari, bali mazungumzo tu. Kituo huweka kwenye waya huo volti 12. Gari likichomekwa, kizuizi kidogo kilichomo ndani yake huzishusha hadi 9, na kituo hutambua kwamba mgeni yuko mlangoni. Hapo kituo huanza kuikatakata volti hiyo mara 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila kipande ndio unaoliambia gari kiwango cha juu cha umeme linachoruhusiwa kuvuta: kipande kikichukua sehemu ya kumi ya muda, gari lisivute zaidi ya ampea 6, kikichukua nusu ya muda, lisizidi ampea 30. Gari likisharidhika, hushusha volti tena hadi 6, maana yake kwamba limekubali masharti na liko tayari, na ni baada ya hapo tu ndipo swichi kubwa hufunga kwa mlio unaosikika na umeme wenyewe ukaanza kupita. Mapatano yote hayo, ya kubisha hodi, kukaribishwa, kutajiwa kiasi na kuridhia, hukamilika kwa tofauti ya volti chache, bila jina, bila anwani, bila kukubali sera ya faragha ambayo hakuna aliyewahi kuisoma hadi mwisho.

Ni binadamu peke yake anayehitaji akaunti. Amri yake, inayopaswa kufika kwenye soketi iliyo hatua mbili mbele ya pua yake, hutoka simuni, ikapanda mnara wa mtandao, ikaenda hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni ambayo huenda iko nchi nyingine, ikahojiwa huko kama mwenyewe ana salio, kisha ikarudishwa kituoni kwa itifaki, yaani lugha ya makubaliano baina ya mitambo, inayojulikana kama OCPP, ambayo chimbuko lake ni Uholanzi mwaka 2009. Ikiwa mnara umelala, au seva imechoka, gari na kituo hubaki vimeshikana mikono kwa volti 9, vikisubiri ruhusa ya mtu anayeitikisa simu yake angani.

Kampuni ya ng'ambo iliyomtafuta mshauri, ambayo jina lake halina faida kwa msomaji, ilitaka kujua jinsi sura mpya ya programu yake itakavyopokewa na watu waishio mbali na miji mikubwa, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Kwa sifa hiyo Kasongo ilistahili kabisa, ingawa gari la umeme huko ni habari ya kusikia, na ingawa vyombo vinavyoingia kutoka Kindu, Kongolo au Kabambare ni malori yanayolala matopeni, pikipiki, na baiskeli zinazosukumwa zikiwa na mizigo mizito kuliko wasukumaji. Walialikwa madereva wa pikipiki, mwalimu, fundi redio, wauzaji wa sokoni, na kadhafi mmoja. Kadhafi, kwa wasioijua Kongo, ni muuzaji wa petroli ya rejareja kando ya barabara, anayeipanga katika chupa juu ya meza na kuitwa kwa jina la yule kiongozi wa Libya, nchi ya mafuta. Kadhafi hana ramani wala akaunti, na mtu yeyote humwona kutoka mbali.

Mshauri alikuwa amefika kwenye sehemu ambayo wasanifu walijivunia kuliko zote, yaani skrini ya malipo, iliyoondoa kabisa haja ya noti, na alikuwa akiwaeleza wasikilizaji kwamba katika siku zijazo msafiri hatalazimika kubeba chochote isipokuwa simu yake, pale simu hiyo ilipopunguza mwanga, ikaonyesha kiduara kinachozunguka, na kuzima. Fundi redio alikohoa. Mwalimu, kwa huruma ambayo ilizidi kuharibu mambo, alipendekeza kwamba mkutano mzima uhamie kwenye kibanda cha kuchajia simu, ambako maelezo yangeendelea bila kupoteza muda. Na kwa hiyo mtaalamu wa kuchaji alivushwa soko lote la Kasongo akifuatwa na wanafunzi wake, kwenda kuchaji.

Kibanda cha kuchajia simu ni taasisi ambayo haijapewa heshima inayostahili katika maandiko ya uhandisi. Juu ya paa lake la mabati hulazwa paneli za jua, zimefungwa kwa waya na kuzuiliwa kwa mawe ili upepo wa mvua usizichukue. Kutoka hapo waya hushuka hadi kwenye betri ya lori yenye volti 12, na kutoka kwenye betri hadi kwenye kigeuzi, kisanduku ambacho Wakongo hukiita konvertisere, kinachoupandisha umeme huo kutoka volti 12 za mkondo mnyoofu hadi volti 220 za mkondo geu. Kisha chaja zilizochomekwa kwenye ubao uliojaa soketi huushusha umeme uleule hadi volti 5 na kuurudisha kuwa mkondo mnyoofu. Msomaji atakuwa ameiona ajabu ya utaratibu huu: umeme uliokuwa umbali wa volti saba tu kutoka ulikotakiwa hupandishwa mlima wa volti 220 ili uteremshwe upande wa pili, na sehemu yake hufia njiani kwa kugeuka joto, ndiyo sababu konvertisere huunguruma mchana kutwa na hakuna anayethubutu kuweka mkono juu yake. Njia ya mkato kutoka 12 hadi 5 ipo, na mafundi wengi huitengeneza bila shida. Lakini wateja huja na chaja zao za ukutani, na chaja ya ukutani hudai ukuta hata pasipo na nyumba.

Utaratibu wa foleni nao unastahili kuchunguzwa. Simu ikipokelewa, hubandikwa mgongoni kipande cha plasta chenye namba, na mteja hupewa kikaratasi chenye namba hiyohiyo. Asiye na kikaratasi hapewi simu, hata akiwa shemeji wa mwenye kibanda. Betri ambazo simu zake zimeharibika tundu hutolewa na kuchajiwa peke yake, kwa kibanio chenye meno mawili ya chuma yanayosogezwa kwa ukucha hadi yaguse mahali panapotakiwa. Bei hutofautiana kati ya simu ndogo ya vitufe na simu kubwa ya kioo, na hivyo kibanda kimekwisha kutatua suala ambalo wasanifu wa programu za magari hulibishania bila kikomo, yaani kama mteja alipe kwa dakika au kwa kilowati-saa, ambayo ni kiasi cha umeme kilichoingia kweli. Kibandani hulipwa kwa kiu ya simu, na kiu hupimwa kwa jicho.

Zaidi ya hayo, kijana anayekaa kibandani anaijua tabia ya betri ya lithiamu bila kuisomea. Betri hiyo, iwe ya simu au ya gari, hupokea umeme kwa kasi mpaka kila seli, yaani kila chumba chake kimoja, inapokaribia volti 4.2, kuanzia hapo kasi hupungua kwa usalama wake, na asilimia ishirini za mwisho huchukua muda usiolingana kabisa na udogo wake, kiasi kwamba saa ya programu inayotangaza dakika zilizobaki huwa inasema uongo kwa uaminifu mkubwa. Katika nchi za magari ya umeme, madereva hushauriwa waondoke kwenye vituo vya kasi wakifikisha asilimia 80 ili kuwapisha wenzao, ushauri unaozua magomvi. Kijana wa kibanda hashauri mtu, huchomoa.

Aliipokea simu ya mshauri, akaipima uzito kiganjani, akaigeuza, akabandika namba.

“Papa, hii telefone inakunywa sana,” alisema. “Ni mia tano, na unangoya.”

Mshauri alijibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kushuka mbele ya hadhira, kwamba angelipa kwa M-Pesa. Kijana aliitazama simu iliyozima, akawatazama watu waliofuatana na mwenyewe, kisha akauliza kwa adabu kamili, bila hata chembe ya dharau, jambo lililofanya swali liume maradufu:

“Na telefone gani, Papa?”

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi upande wa wauza samaki. Aliyetoa noti ya faranga 500, ikinuka petroli, alikuwa kadhafi, mtu ambaye skrini zote zilizokuwa zimeonyeshwa asubuhi ile zilikusudia kuiondoa meza yake barabarani. Naye aliitoa haraka, kama mtu anayelipia kiingilio cha jambo ambalo hangependa kulikosa.

Kwa faraja ya mshauri, inafaa kuelezwa kwamba swali la kijana yule limewashughulisha wakubwa wa mbali. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 2023/1804 iliyoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024, ulilazimisha vituo vipya vya umma vyenye nguvu ya kilowati 50 au zaidi vipokee malipo kwa kadi ya kawaida ya benki, ili dereva anayepita aweze kuchaji bila kujiandikisha popote. Yaani bara lenye minara kila kilima na soketi kila ukuta lililazimika kutunga sheria ili mtu anunue umeme jinsi anavyonunua mkate. Kibanda cha Kasongo kilikuwa kimefika huko zamani, bila bunge.

Mikasa mingine haihitaji maelezo marefu. Ramani, ilipoulizwa kituo kilicho karibu, ilifikiri sana kisha ikaelekeza ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Namba ya kuthibitisha akaunti, yenye uhai wa dakika tano, iliingia usiku wa manane mtandao uliporudi, ikamwamsha kila mtu nyumbani. Na Kabambare, alikopelekewa mtu mwingine jaribio hilo, programu ilikataa kuendelea kabla hajaandika aina ya gari lake, akaandika baiskeli, ikamtaka namba ya pleti.

Kicheko huanza kuchacha pale simu ileile inapofunguliwa na kuulizwa vilivyomo vimetoka wapi. Vipande vyake vimeshikizwa ubaoni kwa lehemu, na lehemu ya siku hizi isiyo na risasi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Maniema, mkoa wenye Kasongo na Kabambare, imekuwa ikichimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji, na mji wa Kalima ulijengwa kwa ajili hiyo. Miguso yake imepakwa dhahabu, na dhahabu huchimbwa Namoya, karibu na Salamabila, ndani ya Kabambare yenyewe. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za simu na za magari hutoka zaidi mkoani Lualaba, kwa kuwa Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, kiasi kwamba serikali iliposimamisha usafirishaji wake Februari 2025 kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, kisha ikaweka viwango maalumu Oktoba mwaka huohuo, masoko ya mbali yalitikisika. Na lithiamu, ambayo ndiyo jina la betri hizo zote, imelala kwa wingi mkubwa Manono, katika mkoa jirani wa Tanganyika. Mtu wa Kasongo anapongoja nje ya kibanda akiwa na kikaratasi mkononi, anaingojea mali iliyopita mlangoni kwake ikienda, na iliporudi ikamkuta hana pa kuichomeka.

Hata umeme wenyewe una historia ya kupita bila kusimama. Bwawa la Inga la kwanza lilizinduliwa mwaka 1972, la pili mwaka 1982, na katika miaka hiyo ulijengwa mstari wa nyaya wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, miongoni mwa mistari mirefu kuliko yote ya wakati wake, ili kuilisha migodi ya Katanga. Mstari huo ni wa mkondo mnyoofu wenye nguvu kubwa mno, na umeme wa aina hiyo hauwezi kudokolewa njiani pasipo mtambo wa gharama kubwa wa kuugeuza. Kwa hiyo uliivuka nusu ya nchi juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiwasha koroboi, na Maniema haikupata hata heshima ya kupitiwa na kivuli chake. Sheria ya Juni 2014 iliifungua sekta ya umeme kwa wawekezaji binafsi, na ni haki kusema kwamba sokoni Kasongo mwekezaji huyo ameonekana: ana paneli juu ya mabati, plasta, na kalamu. Wakati huohuo mapendekezo ya kuufanya umeme uwe rahisi kuamriwa kwa kidole yanazidi kuandikwa, na hakuna anayeona haya kumpelekea ayajaribu mtu ambaye umeme huo haujamfikia tangu babu yake.

Tatizo la kuishiwa njiani katika sehemu hizi si geni. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara ya pembe kati ya Ujiji na Kasongo, mahali pa kupumzisha wapagazi na kupata chakula, na mzungu David Livingstone, aliyepaita Bambarre, alikwama hapo kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 kwa vidonda vya miguu. Karatasi zilimpungukia na wino ukamwishia, akawa anaandika juu ya magazeti na vipande vya karatasi vilivyokwisha kuchapwa, kwa wino uliokamuliwa kutoka kwenye mimea ya huko. Wataalamu wa karne hii wamehitaji kamera za mwanga maalumu ili kuyasoma maandishi yake ya miaka hiyo. Pengine hicho ndicho kisa cha kwanza kilichohifadhiwa cha chombo kuishiwa chaji Kabambare, na ni vyema ikumbukwe kwamba suluhisho lilitoka porini.

Madereva wa pikipiki, ambao walisikiliza mambo yote hayo kwa utulivu kuliko wengine, walitaka kujua jambo moja tu, nalo ni habari ya Kigali. Huko, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imekuwa na pikipiki za umeme ambazo dereva hazichaji mwenyewe: anafika kituoni, betri iliyoisha inatolewa, iliyojaa inawekwa kwa dakika chache, naye analipia umeme alioutumia. Waliposikia hivyo walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwa kuwa ni kibanda kilekile, ila simu imekuwa pikipiki na kikaratasi kimeondolewa. Mmoja wao aliuliza ni nani atakayezibeba betri hizo kutoka Kasongo hadi Kabambare wakati wa mvua, na kadhafi akasema kwamba yeye atazibeba, mradi apewe bei.

Hayo yote mshauri aliyaandika katika taarifa yake baada ya simu kurudi na asilimia 80: kwamba programu ifunguke bila mtandao, kwamba amri ya kuanza itolewe kwenye soketi yenyewe, kwamba malipo yapokelewe hata kwa noti kupitia mtu aliyeketi hapo, na kwamba mtu huyo alipwe. Kampuni ilijibu kwa shukrani nyingi. Iliarifu kwamba rangi ya kitufe cha malipo ingebadilishwa kutoka buluu kuwa kijani, kisha ikamwomba mshauri aukadirie ushirikiano wao kwa nyota, kuanzia moja hadi tano, ndani ya programu ileile, kabla ya saa sita usiku za huko kwao.